Sura ya Nne: Shabu Ndani ya Ndoo

Maji ya Tana yanapofika Chewele yameshatembea sana. Yameshuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakaikata nyika ya Garissa, na njia nzima yamekuwa yakikokota udongo wa mashamba ya watu wengine. Chota ndoo moja ukingoni, upande huu wa Bura. Rangi ni ya chai ya maziwa. Iache ilale hadi asubuhi: tope zito litakuwa limetua, lakini juu bado ni chai. Hapo ndipo shabu inapotafutwa. Mtu hushika kipande cheupe kinachopenyeza mwanga kama barafu, kile kile ambacho kinyozi hukisugua kwenye kidevu kilichokatwa na wembe, akakizungusha majini mara kadhaa, akakitoa na kuiacha ndoo itulie. Polepole tope hujikusanya kuwa mabonge madogo kama pamba iliyolowa, mabonge yakashuka, na juu yakabaki maji angavu. Angavu, si salama. Vijidudu havijali rangi, na maji hayo bado yanataka kuchemshwa au kutiwa dawa.

Shabu ni jina fupi, zuri, lililotujia kutoka Kiarabu, shabb. Ila halisemi lolote kuhusu kilichomo. Mwanakemia akitaka kukitaja kitu hicho hicho huandika hivi:

KAl(SO₄)₂·12H₂O

Wasomaji wengi hufunga kitabu wanapofika kwenye mstari kama huo. Usifunge. Kazi yote ya sura hii ni kuusoma mstari huo mmoja mpaka ile nukta ya katikati, na ukishausoma utaweza kusoma mfuko wa mbolea, kipakiti cha chumvi na karatasi ya vidonge vya zahanati.

Wazee wetu hawakukosa majina. Shura waliijua kwa sababu ya baruti, haluli kwa kazi yake ya kuendesha tumbo, mrututu kwa ubuluu wake na kwa vidonda, zebaki kwa namna inavyokimbia juu ya sinia. Kila jina lilishika tabia moja ya kitu, matumizi, rangi au mahali kinapotoka, na likatosha kwa muuzaji na mnunuzi waliokaa soko moja. Shida huanza jina moja linapobeba vitu viwili. Chukua magadi. Magadi ya ziwani, yale mawe ya kijivu yanayochotwa Ziwa Magadi kusini mwa Kenya na kuivishia maharagwe, ni chumvi mbili zilizoshikana na maji ndani ya fuwele moja: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Nusu yake ya kwanza peke yake, Na₂CO₃, ni magadi ya kufulia, makali kwa ngozi. Nusu ya pili peke yake, NaHCO₃, ni ile ya mkebe inayoumusha mandazi na kutuliza kiungulia. Mdomoni zote ni magadi. Katika fomula, H moja imeshaleta tofauti kati ya beseni la nguo na tumbo la mtu.

Ulaya ilikuwa na fujo hiyo hiyo, pengine mbaya zaidi. Mpaka karne ya 18 wataalamu wao waliandika bila haya juu ya mafuta ya vitrioli, ambayo si mafuta bali asidi ya salfuriki. Siagi ya antimoni, ambayo hakuna ng'ombe aliyehusika nayo. Na sukari ya risasi, tamu kweli ulimini na sumu kweli mwilini. Mwaka 1787, mjini Paris, watu wanne walichapisha utaratibu mpya: Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy. Huyo wa kwanza alikuwa mwanasheria, na mimi siku zote nimeona hilo lina maana. Mwanasheria hukerwa na neno lenye maana mbili kuliko mtu mwingine yeyote. Kanuni yao ilikuwa moja. Jina la kitu liseme kimeundwa na nini.

Hawakupatia kila mahali. Lavoisier aliita gesi moja oksijeni kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mzaa asidi, akiamini kwamba hakuna asidi isiyokuwa nayo. Baadaye Davy wa Uingereza akaonyesha kwamba asidi ya chumvi haina oksijeni hata chembe. Kufikia wakati huo Lavoisier alikuwa ameshakatwa kichwa na mapinduzi ya nchi yake, mwaka 1794, na jina lake la makosa tunalitumia hadi leo.

Zile herufi zililetwa na Mswidi, Berzelius, kuanzia mwaka 1813. Kila elementi ikapewa herufi moja au mbili za jina lake la Kilatini. Mwanafunzi huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini sodiamu ni Na na potasiamu ni K. Jibu liko karibu na nyumbani kuliko anavyodhani. Na ni natrium, neno linalorudi kwenye natruni, magadi ya jangwa la Misri. K ni kalium, kutoka al-qali ya Waarabu, majivu ya mimea iotayo kwenye ardhi ya chumvi. Majivu na magadi: vitu ambavyo bibi yoyote wa pwani aliwahi kuvitia chunguni.

Sasa turudi kwenye ndoo.

Chembe zinazounda chumvi, shabu ikiwemo, huitwa ioni, na kila ioni huja na chaji yake, chanya au hasi. Mimi huwaeleza watu kwa lugha ya duka la mkopo. Sodiamu imetoa elektroni moja, kwa hiyo inadai moja: Na⁺. Klorini imechukua moja, inadaiwa moja: Cl⁻. Mdai mmoja na mdaiwa mmoja, hesabu imefungwa, tunaandika NaCl na ndiyo chumvi ya ugali. Kalsiamu imetoa mbili, Ca²⁺, kwa hiyo inahitaji klorini mbili: CaCl₂. Ile 2 ndogo inayokaa chini inahesabu kilicho mbele yake tu, klorini, wala haigusi kalsiamu. Jina linaanza na anayedai, linamalizia na anayedaiwa: sodiamu kloridi, kalsiamu kloridi. Daftari halifungwi deni likibaki, hiyo ndiyo sheria yote, na mwanafunzi akiishika hana haja ya kukariri fomula hata moja.

Wadaiwa wengine hutembea kwa kundi. Salferi moja na oksijeni nne hushikana na kuwa salfeti, SO₄²⁻, inayodaiwa mbili kwa pamoja. Aluminiamu inadai tatu, Al³⁺. Tatu na mbili hazilingani, kwa hiyo tafuta namba zinapokutana: sita. Aluminiamu mbili zinadai sita, salfeti tatu zinadaiwa sita. Hapa mabano huingia kazini, kwa sababu tunataka kuhesabu kundi zima: Al₂(SO₄)₃, aluminiamu salfeti, dawa inayosafishia maji katika mitambo mingi mikubwa ya maji duniani. Yaondoe mabano hayo uandike SO₄₃ na umempa salferi mmoja oksijeni arobaini na tatu. Nimeona wanafunzi werevu wakifanya hivyo wakiwa na haraka.

Shabu ni ndugu wa dawa hiyo. Potasiamu inadai moja, aluminiamu inadai tatu, jumla nne. Salfeti mbili zinadaiwa nne. KAl(SO₄)₂. Ile nukta na 12H₂O zinasema kwamba fuwele imefungia ndani yake molekuli kumi na mbili za maji kwa kila fungu; ndiyo maana kipande cha shabu kikitiwa motoni huyeyuka kwanza kwa maji yake yenyewe, kikatokota, kikabaki unga mkavu. Ukipiga hesabu ya uzito, karibu nusu ya kipande ulichonunua ni maji. Muuzaji hajakudanganya. Ndivyo shabu ilivyo.

Nayo fomula inaeleza kwa nini tope linashuka. Chembe za udongo mfinyanzi wa Tana ni ndogo mno na zote zimebeba chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kuelea siku nyingi bila kugusana. Al³⁺ ikiingia majini, ile chaji tatu chanya inavunja ugomvi. Aluminiamu yenyewe hugeuka Al(OH)₃, kitu laini kama uji kinachonasa tope na kushuka nalo. Angalia mabano tena: hidroksidi tatu, OH nzima mara tatu.

Hesabu hii ya madeni inatembea hata shambani. Udongo wa Bura, wataalamu walipoupima kwa ajili ya skimu ya umwagiliaji, ulikutwa na tabaka la chini lenye chumvi na sodiamu nyingi. Sodiamu ikizidi, udongo huziba kama sakafu na maji hayapenyi. Dawa inayojulikana kwa ardhi za namna hiyo ni jasi, CaSO₄·2H₂O: kalsiamu moja, yenye chaji mbili, huziondoa sodiamu mbili na kukaa mahali pao, kisha maji yakazichukua sodiamu zikaenda zake, ikiwa kuna mfereji wa kuyatoa. Bila mfereji ni kazi bure.

Kuna metali zisizo na msimamo mmoja, na chuma ndicho kigeugeu mkubwa. Wakati wa mafuriko au kipindupindu, familia za kando ya mto hugawiwa vipakiti vya unga wa kusafishia maji, kimoja kwa lita 10: unakoroga, unachuja kwa kitambaa, unasubiri. Ndani ya aina inayojulikana zaidi kuna dawa mbili, moja ya kuua vijidudu na nyingine ya kushusha tope, na hii ya tope ni chumvi ya chuma na salfeti. Mama mjamzito wa nyumba hiyo hiyo akienda kliniki hupewa vidonge vya kuongeza damu, na vingi vyao navyo ni chumvi ya chuma na salfeti. Je, ni kitu kimoja? Hapana. Chuma cha kwenye kidonge kinadai mbili, Fe²⁺, kwa hiyo FeSO₄. Cha kwenye kipakiti kinadai tatu, Fe³⁺, kwa hiyo Fe₂(SO₄)₃. Zamani walitofautisha kwa kuvuta mkia wa neno, fero kwa mbili na feri kwa tatu, na maboksi ya dawa bado yanaandika fero salfeti. Sasa tunaweka namba ya Kirumi: chuma(II) salfeti, chuma(III) salfeti. Namba hiyo haihesabu idadi ya atomi, kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mwanzoni. Inataja chuma kimetoa elektroni ngapi. Idadi za atomi utazitafuta mwenyewe kwa kusawazisha deni.

Mkia wa jina la mdaiwa nao una habari. Kloridi, mwisho -idi, ni klorini peke yake, Cl⁻. Ongeza oksijeni moja ni hipokloriti, ClO⁻. Mbili, kloriti. Tatu, kloreti. Nne, perkloreti. NaCl unaitia kwenye mchuzi. NaClO ni dawa ya klorini ya kuulia vijidudu vya maji na kung'arishia nguo nyeupe, na mtu hainywi bila kuizimua. Oksijeni moja tu imepita kati yao.

Mfano mzuri zaidi uko kwenye kipakiti cha chumvi. Shuka kutoka Garsen kuelekea Malindi, na kando ya bahari, Kurawa, Marereni na Gongoni, utakuta mabwawa ya chumvi yanayoanikwa juani. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani itiwe madini ya iodini kuzuia rovu, na kinachotiwa ni potasiamu iodeti, KIO₃. Si potasiamu iodidi, KI, ambayo pia ingeleta iodini mwilini. Sababu ni hali ya hewa yetu: kwenye joto na unyevu, iodidi huharibika na iodini ikapotea hewani kabla chumvi haijafika chunguni, ilhali iodeti hustahimili. Tofauti ya -idi na -eti, ambayo mwanafunzi huiona kama uchokozi wa mtunga mtihani, ndiyo inayoamua kama kipakiti kilichokaa miezi mitano kwenye kibanda cha mabati bado kina faida.

Hapa niseme kero yangu. Kiswahili kina istilahi za kemia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Lakini shule za sekondari za Kenya na Tanzania zinafundisha kemia kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno haya hayajapata vinywa vya kuyalainisha, na kila mwandishi huja na tahajia yake: kloridi na kloraidi, salfeti na sulfati, nitreti na nitrati. Chagua unayotaka, mradi usichanganye. Katika elimu ambamo -iti na -eti zinaweza kutenganisha chakula na sumu, tahajia ya kubahatisha haifai.

Elementi mbili zisizo metali zikishikana, hakuna wa kudai na kudaiwa waziwazi, zinashirikiana. Hapo jina huhesabu kwa mdomo: mono, di, tri. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Bura miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na ambao sasa umeteka malisho na kingo za mto, unatoa makaa mazuri. Jiko la makaa nje uani, penye hewa, hutoa kaboni dioksidi, CO₂. Ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa mvua, oksijeni ikipungua, hutoa pia kaboni monoksidi, CO, isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Di na mono. Sina la kuongeza hapo.

Tumalizie dukani, kwa sababu ndiko pesa ziliko. Mkulima wa mpunga au mahindi wa Bura anaingia duka la pembejeo.

"Mzee, leo tukupe ya kupandia ama ya kukuzia?"

"Ya kukuzia, kijana wangu. Lakini kuna hii CAN na kuna hii urea. Ipi ina nguvu?"

Kijana atajibu kwa bei, au kwa ile iliyojaa stoo. Fomula inajibu kwa uaminifu zaidi. Urea ni CO(NH₂)₂. Kaboni 12, oksijeni 16, nitrojeni mbili 28, hidrojeni nne 4: jumla 60. Nitrojeni ni 28 katika 60, yaani karibu asilimia 46.7, na ndiyo 46 iliyochapishwa kwenye mfuko. Ni kitu kile kile kilichomo kwenye mkojo wa ng'ombe wa Waorma. Wöhler wa Ujerumani alikitengeneza maabara mwaka 1828 bila figo yoyote, na watu wakashangaa.

CAN inajiita kalsiamu amoniamu nitreti, na hapo jina linapotosha. Ukijaribu kuliandikia fomula moja utahangaika bure, kwani ni mchanganyiko: amoniamu nitreti, NH₄NO₃, iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, CaCO₃. Amoniamu nitreti safi ina nitrojeni 28 katika 80, asilimia 35. Chokaa huishusha hadi karibu 26, na inashushwa kwa makusudi, kwa kuwa amoniamu nitreti peke yake inaweza kulipuka. Shehena yake iliyohifadhiwa bandarini Beirut ililipuka tarehe 4 Agosti 2020.

DAP, ya kupandia, ni diamoniamu fosfeti. Amoniamu, NH₄⁺, inadai moja. Mdaiwa, HPO₄²⁻, anadaiwa mbili. Kwa hiyo (NH₄)₂HPO₄, na ile di ya mwanzo wa jina ni ile ile ya kaboni dioksidi. Mfuko unaandika 18-46-0. Kumi na nane ni asilimia ya nitrojeni. Arobaini na sita si ya fosforasi kama fosforasi. Ni hesabu ya P₂O₅, kampaundi ambayo haimo mfukoni hata kidogo, desturi ya zamani ambayo biashara ya mbolea imekataa kuiacha. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20. Kwa hiyo 46 ya urea na 46 ya DAP hazina uhusiano wowote, na anayeuza kwa kuonyesha namba hiyo kwenye mifuko yote miwili ama hajui au anajua sana.

Mwaka 2024 Kenya ilikumbwa na kashfa ya mbolea bandia ya ruzuku, mifuko ambayo kilichomo hakikulingana na kilichoandikwa. Fomula haiwezi kukuonyesha kwa macho kama mfuko ni wa kweli. Hilo ni la maabara na la serikali. Ila bila kuijua, hujui hata uulize nini. Basi ukisimama mbele ya ile mifuko miwili ya kukuzia, ya kilo 50 kila mmoja, kumbuka kwamba wa urea una kilo 23 za nitrojeni na wa CAN una 13. Gawanya bei ya kila mmoja kwa namba yake, kisha ndipo utoe pesa.